Mafuta mazito kama gudroni: namna yanavyotolewa ardhini, na funzo lake kwetu

Ndugu mfanyakazi,

Katika ukurasa huu tunazoea kusema juu ya kaske, viatu, vumbi na malaria. Leo tutakwenda mbali kidogo, kisha tutarudi nyumbani. Tutatazama wafanyakazi wenzetu wa inchi nyingine, wale wanaotoa mafuta mazito chini ya udongo. Wao hawachimbi shaba wala kobalti. Lakini moto unaowaunguza ni moto uleule, na hewa mbaya inayowaua inaweza kutokea hata kwetu.

Sababu ya kuandika ni hii. Mwaka huu ekipi moja ilikuwa inaziba nyufa za paa kwa gudroni, na mmoja wao alikuja kwetu dispanseri na mkono umefunikwa gudroni nyeusi, ya moto. Wenzake walikuwa wamekwisha kuanza kuivuta kwa kisu. Habari ya huyo ndugu nitaimaliza chini. Kwanza tujue gudroni hiyo ni ndugu ya nani.

MAFUTA MAZITO NI NINI?

Wengi wanafikiri mafuta yote yanatoka ardhini kama maji ya chemchemi: unatoboa, yanaruka. Mengine ni hivyo, lakini mengine ni mazito sana. Weka maji katika kikombe, weka asali katika kikombe cha pili, weka gudroni baridi katika cha tatu. Pindua vikombe vyote. Maji yanamwangika mara moja. Asali inatoka polepole. Gudroni inabaki pale inakutazama.

Wataalamu wanapima uzito huo wa kutiririka. Maji wanayapa 1. Mafuta ya mchanga wa Athabasca, kule Alberta katika inchi ya Canada, yanaweza kupita 1.000.000 yakiwa baridi ndani ya ardhi. Mafuta ya namna hiyo hayatembei. Yameshikamana na mchanga, na usipoyasaidia yatabaki hapo milele.

Lakini yana adui mmoja: joto. Gudroni hiyohiyo ukiipasha mpaka digrii 200 inashuka mpaka karibu 10 tu, inatiririka kama mafuta mepesi ya kupikia. Shika neno hili, kwa kuwa karibu kila namna ya kuyatoa inatoka humo: au unayapasha moto, au unayalainisha kwa dawa, au unayasukuma.

Mafuta hayo yako wapi? Mengi yako Alberta, mengi mengine yako Venezuela karibu na mto Orinoco. Yako pia California, yako Oman. Jirani zetu wa Uganda, upande wa pili wa ziwa Albert, wana mafuta ya namna nyingine: si gudroni, bali yana nta nyingi, yanaganda yakipoa. Ndiyo maana tiyo iliyopangwa toka Uganda mpaka Tanga katika Tanzania, kilomita 1.443, ni tiyo ya kupashwa moto njia yote.

NAMNA YA KWANZA: KUCHIMBA KAMA SISI

Namna hii mchimbaji wa Kolwezi ataielewa bila kufundishwa. Mahali ambapo mchanga wenye mafuta uko karibu na juu, wanaondoa udongo wa juu, wanachimba kwa mashini kubwa, wanapakia katika kamyo zinazobeba karibu tani 360 kila moja. Mchanga unapelekwa kuoshwa kwa maji ya moto. Mafuta yanapanda juu kama povu, mchanga unashuka chini. Ni kazi inayofanana na ile ya kuelesha madini kwa povu katika viwanda vyetu. Bwana Karl Clark, mtaalamu wa Alberta, ndiye aliyetengeneza njia hiyo ya maji ya moto katika miaka ya 1920. Kiwanda kikubwa cha kwanza cha biashara kilianza mwaka 1967 karibu na mji wa Fort McMurray.

Hesabu yake ni hii: karibu tani mbili za mchanga kwa pipa moja la mafuta, na pipa ni litre 159. Ni kazi nyingi. Tena namna hii inafika tu mahali pasipo na kina kirefu. Karibu mafuta 80 kwa mia ya Alberta yako chini sana, machimbo ya wazi hayawezi kuyafikia. Basi watu wakatafuta njia nyingine.

NAMNA YA PILI: MVUKE

Mwaka 1959, kule Mene Grande katika Venezuela, watu walikuwa wanajaribu kusukuma mvuke ndani ya ardhi ili usogeze mafuta mazito. Siku moja mvuke ukatoboa ukatoka juu. Wakafungua kisima ili kupunguza nguvu yake. Wakashangaa: kisima kile kikaanza kutoa mafuta mengi kuliko walivyotazamia. Hapo ndipo walipojifunza namna ya kupokezana: unaingiza mvuke kwa majuma kadhaa, unafunga na kuacha joto liingie, kisha unafungua kisima kilekile na kutoa mafuta. Yakipungua, unaanza tena. Ni kama mtu anayevuta pumzi na kuitoa. Kule Cold Lake, Alberta, namna hii imefanya kazi ya biashara tangu mwaka 1985. Kule Kern River, California, wanaingiza mvuke bila kupumzika katika visima vingine, nao unasukuma mafuta kwenda visima vya kutolea.

Namna inayotumika sana leo Alberta ni ya visima viwili. Bwana Roger Butler ndiye aliyeifikiri katika miaka ya 1970. Wanatoboa ardhi kwenda chini, kisha wanapindisha kisima kilale, kiende mbele kama mita 1.000. Chini yake, karibu mita 5, wanalaza kisima cha pili sambamba na cha kwanza. Mvuke unaingia katika kisima cha juu. Unapanda, unapasha mchanga, unafanya kama chumba cha joto. Mafuta yanalainika, yanateremka kwa uzito wake mwenyewe pamoja na maji, na kisima cha chini kinayapokea.

Na sikia hili, ndugu mchimbaji: majaribio makubwa ya kwanza ya visima viwili yalifanywa na watu wa kazi kama yako. Mwaka 1987, karibu na Fort McMurray, walichimba mashimo ya kuteremka kupita mchanga wa mafuta mpaka mwamba wa chokaa ulio chini yake. Ndani ya mwamba huo wakachimba njia kama galeri. Kutoka humo wakatoboa visima kwenda juu, ndani ya mchanga. Ilipoonekana kazi inawezekana, na mashini za kutoboa kwa kulala zikawa nzuri, wakaacha galeri, wakafanya yote kutoka juu. Kazi ya kwanza ya biashara ilianza mwaka 2001 mahali paitwapo Foster Creek.

Namna hii ina gharama yake. Kwa kila pipa la mafuta wanahitaji mapipa mawili, matatu au zaidi ya maji yaliyogeuzwa mvuke. Sehemu kubwa ya maji wanayasafisha na kuyatumia tena. Lakini shodiere zinakula gazi nyingi, na moshi wake unachafua hewa ya dunia. Ndiyo maana wanatafuta njia mpya.

NAMNA MPYA

Ya kwanza ni kuchanganya mvuke na dawa ya kulainisha, kama butani na nyingine za jamii ya esanse nyepesi. Joto linafanya nusu ya kazi, dawa inafanya nusu nyingine, na mvuke unapungua. Kazi ya biashara ya visima viwili kwa namna hii ilianza Cold Lake mwaka 2024. Faida iko, lakini mfanyakazi sasa ana maadui wawili: mvuke unaounguza, na hewa inayoweza kushika moto.

Ya pili ni kupata mvuke kwa jua. Kule Amal, katika Oman, walijenga nyumba za vioo katika jangwa, ndani yake wakatundika vioo vya kukusanya mwanga wa jua juu ya tiyo ya maji. Mvuke huo wa jua ukaanza kuingia ardhini kusaidia mafuta mazito. Vioo viliwekwa ndani ya nyumba kwa sababu ya upepo na vumbi.

Ya tatu ni kusukuma kwa maji yaliyotiwa dawa ya kuyafanya mazito kama uji mwepesi. Maji matupu yanatafuta njia nyembamba, yanapita mbele na kuacha mafuta nyuma. Maji mazito yanasukuma kwa mstari mmoja, kama watu wanaofagia uwanja bega kwa bega. Wanatumia hiyo Pelican Lake, Alberta.

Ya nne ni kuwasha moto ndani ya ardhi yenyewe. Wanaingiza hewa, sehemu ndogo ya mafuta inaungua, na joto lake linasukuma yaliyobaki. Kule Suplacu de Barcău, inchi ya Romania, walianza hivyo katika miaka ya 1960. Ni kazi ngumu kutawala, kwa sababu moto usiouona si rahisi kuuongoza. Wengine wanajaribu kupasha ardhi kwa umeme au kwa mawimbi kama ya redio. Hayo bado ni majaribio.

NA HATARI JE?

Sasa tunafika mahali pa kazi yangu. Nitataja hatari tatu. Kila moja ina dada yake hapa kwetu.

1. Mvuke. Litre moja ya maji ikigeuka mvuke wa wazi inajaza nafasi ya litre 1.600 na zaidi. Ukiifunga ndani ya tiyo inatafuta pa kutokea. Tarehe 18 mwezi wa 5 mwaka 2006, kule Joslyn Creek, Alberta, mvuke ulipasua mwamba uliokuwa kifuniko, ukatoka juu na kurusha mawe na udongo. Liliachwa eneo lililoharibika, pana kama kiwanja cha mpira. Kwa bahati hakuna aliyeumia. Mwezi wa 6 mwaka 2011, California, bahati haikuwepo. Mfanyakazi mmoja alikwenda na wenzake kutazama mahali mvuke ulipokuwa unatoka ardhini. Udongo ukafunguka chini ya miguu yake, akaanguka ndani ya maji na mafuta ya moto, akafa.

Hakuwa mtu wa mchezo. Alikuwa kazini, anatazama kitu kisicho cha kawaida, kama wewe na mimi tunavyofanya kila siku. Funzo ni hili: ukiona ardhi inatoa moshi, tiyo inatetemeka, au vane inalia, usikaribie kutazama. Rudi nyuma, zuia wenzako, ita shefu. Tena ujue kwamba mvuke wenye nguvu hauonekani pale unapotoka. Kile cheupe unachokiona ni mvuke uliokwisha kupoa. Hatari kubwa iko kati ya tundu na weupe, mahali macho yanapoona hewa tupu. Usipitishe mkono kutafuta tundu.

2. Gazi ya mayai maoza. Mafuta mazito mengi yana kiberiti, na yakipashwa moto yanatoa gazi inayonuka kama yai bovu. Usifikiri ni habari ya Canada tu. Katika viwanda vya kuelesha madini ya oksidi, dawa iitwayo sulfidrati ya sodiamu inatumika. Dawa hiyo ikikutana na asidi inatoa gazi hiyohiyo.

Gazi hii ni nzito kuliko hewa. Inashuka, inalala katika mashimo, mitaro na matangi. Ikiwa kidogo sana pua inaisikia. Ikifika karibu sehemu 100 katika milioni, pua inachoka, haisikii tena. Mtu anasema: «Harufu imekwisha, hatari imekwisha.» Kumbe hatari imeongezeka. Katika sehemu 500 mpaka 700 mtu anaweza kuanguka kwa dakika chache. Katika 1.000 anaweza kufa karibu mara moja.

Na hapa ndipo watu wema wanapokufa. Mmoja anaanguka ndani ya tangi. Rafiki yake anaruka kumtoa, anaanguka juu yake. Wa tatu anafuata. Ndugu, najua ni vigumu kusimama juu ukimtazama mwenzako chini. Lakini ukiingia bila kifaa cha kupumulia chenye hewa yake, huendi kumwokoa, unakwenda kulala karibu naye. Piga kelele, ita ekipi ya uokoaji, fungua hewa kama unaweza kufanya hivyo toka nje. Maski ya vumbi haisaidii kitu juu ya gazi hii.

3. Dawa za kulainisha. Esanse, petroli ya taa na dawa za jamii hiyo zinatoa hewa inayoshika moto mbali na chombo chake. Kwetu ziko katika viwanda vya kutenga shaba kwa dawa za maji na mafuta, ziko pia garaji. Na wapo ndugu wanaonawa mikono kwa esanse kila jioni ili kuondoa grisi. Esanse inaondoa grisi, ni kweli. Inaondoa pia mafuta ya ngozi yako, ngozi inapasuka, na sumu inaingia polepole. Tumia sabuni ya kazi. Kama haiko, iombe kwa kapita wako. Ni haki yako, wala si aibu.

MKONO WA GUDRONI

Sasa nimalize habari ya ndugu yetu. Lakini kwanza niseme kosa langu.

Mwaka wangu wa kwanza wa kazi, mahali pengine, walinileta mtu aliyemwagikiwa gudroni ya moto juu ya mkono. Alikuwa analia: «Dokta, nitoshee hii kitu mbio!» Nami nilikuwa kijana, nilitaka kuonyesha kwamba najua kazi. Nikaichukua kwa koleo, nikavuta. Gudroni ikatoka, na ngozi ikatoka nayo. Mkono ulipona baada ya miezi, lakini vidole vilikakamaa. Hakuweza tena kufunga mkono juu ya mpini wa lepelo. Nilikutana naye sokoni baadaye, akiuza makala. Akanisalimia vizuri, kwa mkono wa kushoto. Hakuwa na hasira. Mimi ndiye niliyeondoka bila kununua kitu.

Ndiyo sababu safari hii, nilipoona kisu, nilisema kwa sauti kubwa kuliko desturi yangu: «Acheni!» Tukaweka mkono chini ya robine, maji ya baridi yakipita, dakika 20 kwa saa. Tukatoa pete kabla kidole hakijavimba. Gudroni tuliiacha pale pale. Tukafunika kwa kitambaa safi, tukampeleka hospitali. Kule waliilainisha kwa mafuta, polepole, siku kwa siku. Leo anashika lepelo. Na mwenye kisu ndiye aliyekuja kuniuliza: «Dokta, basi tulikuwa tunamuua?» Nikamjibu: «Hapana, ulikuwa unampenda bila kujua njia.»

KATA UKURASA HUU, UBANDIKE UKUTANI

Mtu akiungua kwa mvuke, maji ya moto, uji au gudroni, kazini au nyumbani:

— Mwondoe penye moto, lakini wewe usiungue.

— Mimina maji safi ya baridi yanayopita, dakika 20. Si barafu.

— Toa pete, saa na nguo. Nguo iliyogandamana na ngozi, iache.

— Gudroni iliyogandamana, iache. Usiivute, usiikate, usiipake esanse. Ikizunguka kidole au mkono mzima kama bangili, wakimbilie waganga, kwa maana ikipoa inaweza kubana na kuzuia damu.

— Usipake dawa ya meno, mawese, yai, chumvi wala majivu. Vinashika joto na kuleta uchafu.

— Funika kwa kitambaa safi, mlete dispanseri. Uliza juu ya sindano ya pepopunda.

Mama nyumbani naye asome. Watoto wengi tunaowapokea hawakuungua kiwandani. Waliungua karibu na mbabula, chungu cha maji ya bukari kilipopinduka. Geuza mshikio wa sufuria upande wa ukuta. Mbabula usiuweke mlangoni, mahali watoto wanapopita wakikimbia.

Ndugu mfanyakazi, watu wa Alberta wana kamyo za tani 360, wana visima vinavyolala kilomita chini ya msitu. Lakini ngozi yao ni kama yako, na mapafu yao ni mawili kama yako. Mashini mpya inaweza kupunguza kazi na kuongeza faida. Haiwezi kukurudishia mkono. Jioni, king'ora kikilia, kitu cha kwanza cha kupeleka nyumbani si mshahara. Ni wewe mwenyewe, mzima.

Msaidizi wa mganga, dispanseri ya kampuni